Isiolo ilipofunguliwa, mama yangu alikataa kikombe cha kuonja maziwa

Salaam aleikum wakuu, na habari zenu wale wa salamu nyingine.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nacheka na nyuzi zenu nikiwa stage nasubiri abiria. Leo nimeamua kuweka yangu.

Sina picha na sina shahidi wa kuleta hapa, lakini yote haya niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyasikia kwa masikio yangu. Pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga. Mkiona nimejipendelea mahali, nikamateni.

Ni habari ya mama yangu. Sisi ni Wasomali wa Isiolo mjini, babu zetu waliletwa huku na jeshi la mkoloni wakakaa, wakawa watu wa biashara na usafiri. Nyumbani mama tunamwita Hooyo, kwa hivyo nitamwita hivyo mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa boda. Shule niliacha Form Two, msinihurumie, nilikuwa nimechoka nayo na yenyewe ilikuwa imenichoka. Ndoto yangu ni kufungua duka la ice cream ya maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Rangi ya duka nimeshachagua. Bado duka tu.

Sasa tuingie.

Hooyo alikuwa mwonjaji wa maziwa.

Najua wengi hamjui hiyo ni kazi. Ni kazi, tena kubwa. Isiolo kila asubuhi maziwa ya ngamia yanaingia kutoka Burat, kutoka upande wa Kulamawe, na kwingine mbali zaidi. Yanakuja kwa mitungi midogo ya njano iliyotiwa moshi ndani, kila mtungi na boma lake. Akina mama wa group wanayapokea, wanayachanganya kwenye mitungi mikubwa, na kabla ya adhuhuri yanapanda basi kwenda Nairobi.

Shida iko hapo kwenye kuchanganya. Mtungi mmoja uliolala siku mbili ukiingia kwenye ishirini mizuri, yote yanafika Nairobi yamekatika vipande vipande. Kwa hivyo lazima awepo mtu wa kusimama mlangoni na ulimi wake. Huyo mtu kwa miaka kumi na moja alikuwa Hooyo.

Alikuwa anafungua kifuniko, ananusa, anamimina kidogo kwenye kikombe cha bati, anaonja, halafu anatoa hukumu.

"Haya ya alfajiri."

"Haya ya jana jioni, pitisha haraka."

"Haya yamekutana na maji njiani, na huyo maji hakuwa mgeni."

Watu wanacheka, mwenye maziwa anaficha uso. Wakuu, mimi nikiwa mdogo nilidhani kila mtoto mama yake anaogopwa hivyo.

Kuna desturi moja hapo lazima niieleze, maana ndiyo ilileta kila kitu. Kikombe ni kimoja. Hooyo akisema maziwa yamelala na mwenyewe akibisha, kikombe hicho hicho kinampitia mwenyewe anaonja, halafu kinampitia mama wa tatu asiye na upande. Kikombe kimoja, maziwa yale yale, ili asiwepo wa kusema "mimi ulinimiminia mengine." Ndiyo haki yao. Ukikataa kunywa baada ya mwenzako, umesema humwamini, au umesema ni mchafu. Hakuna la tatu.

Halafu ikaja korona.

Hooyo ana pumu. Sio ile ya kukohoa kidogo wakati wa vumbi. Ni ile ya kuamka umekaa, umeshika godoro kwa mikono miwili, unatafuta hewa kama mtu anayetafuta funguo gizani. Daktari alimwambia wazi: wewe hii ukiipata, siwezi kukuahidi kitu.

Basi akakaa nyumbani. Wakati wa lockdown hakuna aliyeona ajabu, kila mtu alikuwa anaogopa. Soko la mifugo lilifungwa, msikiti ulifungwa, kafyu ikatufunga sisi. Maziwa yalikuwa machache, akina mama wakayapitisha kwa kubahatisha. Kiti chake, kistuli cha mbao kilichovaa ngozi ya mbuzi, hakikukaliwa na mtu. Mama Qabale, mwenyekiti wa group, Mborana mmoja mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, alikuwa anasema, "Hicho ni cha Mama Abdi. Mtu asiweke hata mkoba hapo."

(Abdi ndiyo mimi.)

Kisha serikali ikafungua. Kidogo kidogo, halafu siku moja kafyu yote ikaondolewa.

Wakuu, mnakumbuka ile furaha? Isiolo ilikuwa kama Idi isiyo na mwezi. Bega kwa bega msikitini. Arusi zilizokuwa zimengoja zikafanywa zote kwa mpigo, wiki moja nilibeba abiria wa arusi nne. Barakoa zikawa kidevuni, kisha mfukoni, kisha hata mfukoni hazikuonekana. Mimi mwenyewe yangu niliifanya kitambaa cha kufutia tangi la pikipiki. Nilisema nitasema ukweli.

Maziwa yakarudi kwa wingi, maana mvua nayo ilikuwa imenyesha. Mama Qabale akatuma salamu: mwonjaji arudi.

Hooyo akajibu, bado.

Alikuwa amechomwa chanjo ya kwanza na anangoja ya pili. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia asubiri ya pili, halafu aipe wiki mbili. Kwa hivyo hakusema harudi. Alisema wiki chache. Na akasema hata akirudi, atakuja na kikombe chake, akae nje upepo unapopita, sio ndani ya kile chumba cha kupokelea maziwa.

Hapo moto ukawaka.

Mama Qabale alikuja mwenyewe. Hooyo akamwekea kiti nje ya geti, yeye akakaa ndani ya geti na barakoa yake, wanaangaliana kwa nondo kama mtu na mfungwa. Mimi nilikuwa naosha pikipiki nikijifanya sisikii.

"Mama Abdi," Mama Qabale akasema, "nchi imefunguliwa. Wewe tu ndiye umebaki na kufuli."

"Serikali imefungua barabara, dada yangu. Kifua changu haijakifungua."

"Sisi sote tuna vifua. Mbona tunakaa pamoja?"

"Kaeni. Sijamkataza mtu."

"Unataka kikombe chako peke yako. Kwa miaka yote tumekunywa pamoja, leo sisi tumekuwa wachafu?"

"Qabale, nimesema mimi ni mgonjwa. Wapi nimesema nyinyi ni wachafu?"

"Hujasema. Umefunga geti tu."

Mama Qabale akasimama, akajifunga shuka vizuri. "Basi mpaka Ijumaa. Maziwa hayajui chanjo. Usipokuja, tutamkalisha mtu."

Mnaelewa uzito wake? Kiti kile ni jina. Hooyo hakusoma hata darasa moja. Mtu akimuuliza yeye ni nani, alikuwa hataji kabila wala mume. Alikuwa anasema, "Mimi ndiye mwonjaji wa pale." Kupoteza kiti ni kurudi kuwa mama fulani wa mtaa wetu wa Bula Pesa mwenye pumu.

Na majirani nao hawakulala. Mmoja alipita akaniuliza kwa sauti ili Hooyo asikie, "Mama yako ni yai? Mnamfungia wapi, kwa kabati?" Stage nako, Mwenda, rafiki yangu Mmeru, akawa ananiita "mtoto wa karantini." Nilicheka nao. Moyoni niliumia, lakini sikuwakasirikia wao, nilimkasirikia Hooyo. Hapo ndipo ujinga wangu unaanza.

Alhamisi nikamwambia, "Hooyo, imeisha. Hata hospitali wengine wamevua barakoa. Nenda tu siku moja wakuone, unywe hicho kikombe, basi. Unatuaibisha."

Neno "unatuaibisha" nililisema. Halifutiki, nimejaribu.

Hakunipigia kelele. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Abdi, wewe umewahi kuita hewa ikakataa kuja?"

Nikaokota punje ya mchele iliyoanguka chini.

"Mimi imenikataa mara nyingi. Sio kufa kunakoniogopesha. Ni kule kuita." Akaendelea kuchambua. "Wenye mapafu wakisema imeisha, ni kweli, kwao imeisha. Mimi siwalaumu. Lakini nao wasinihesabie kwamba na kwangu imeisha."

Akatoa jiwe kwenye mchele akaliweka pembeni.

"Kiti wampe Saadia. Nilimfundisha mwenyewe. Ni mzuri."

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye pikipiki bila kuiwasha. Mtu mzima nina miaka ishirini na nne nalia kwenye pikipiki iliyozimwa. Endeleeni kucheka, nawasubiri.

Ijumaa Saadia akakalia kistuli.

Saadia ni dada wa miaka thelathini hivi, mjane, ana watoto watatu. Mtu mzuri sana, tena alikuwa na pua kali kweli. Alimpigia Hooyo simu kuomba radhi kabla ya kukaa. Hooyo akamwambia, "Kaa, na uweke mgongo sawa, kistuli hicho kinaumiza nyonga."

Wiki mbili za kwanza zilienda vizuri. Mimi ndiye nilikuwa nabeba mitungi kutoka stage kuipeleka kwao, kisha kutoka kwao kwenda kwenye basi, kwa hivyo nilikuwa naona kila kitu. Kikombe kinazunguka, kicheko kipo, na jina la Hooyo linatajwa kidogo kidogo tu.

Halafu Jumatatu moja ikaja simu ya Nairobi.

Mnunuzi wetu kule ni mama mpole, lakini siku hiyo hakusalimia. Maziwa yamefika yamekatika. Yote.

Watu wakasema ni joto. Jumatano ikatokea tena. Ijumaa tena, na yule mnunuzi akasema, ikifika mara ya nne msinitumie tena, kuna watu wa mji mwingine wananibembeleza.

Wakuu, pale kuna nyumba thelathini na kitu zinazokula kwa maziwa hayo. Huyo akiondoka, ni akina mama wote hao wanakaa na maziwa yao wakiyaangalia.

Kukaanza kunyoosheana vidole. Wa kwanza kunyooshewa walikuwa watu wa Burat. Wa pili nilikuwa mimi.

Nilifika Jumamosi na mitungi, nikakuta kimya. Kile kimya cha watu waliokuwa wanakuzungumzia. Mama mmoja akasema bila kuniangalia, "Mtu anaweza kuegesha pikipiki juani nusu saa, nani atajua? Hasa kama mama yake anataka kiti chake kirudi."

Nikaapa. Nikaapa tena. Mama Qabale akainua mkono: "Abdi, weka mitungi chini. Pumzika mpaka tujue."

Pumzika ndiyo neno la heshima la kumfukuza mtu.

Sasa mnaona palipofikia. Hooyo amepoteza kiti kwa sababu ya kuogopa kufa, na mimi naitwa mharibu maziwa ya watu kwa sababu yake. Nilipofika nyumbani nilimwambia yote. Nilitegemea atalia, au atavaa aende kuwapigia kelele. Angeweza. Ulimi wa Hooyo sio wa maziwa peke yake.

Akaniuliza swali moja tu. "Saadia anaonja na uso gani?"

Sikuelewa. Akasema, niigizie.

Nikamwigizia. Saadia ananusa, anaonja, anamwangalia mwenye maziwa, anasema sawa. Ananusa, anaonja, anaangalia, sawa.

"Hakunji uso?"

Nikafikiri. Zamani alikuwa anakunja. Kwenye mbaya alikuwa hata anatema pembeni. Lakini siku hizo, wallahi, uso ulikuwa mmoja tu kuanzia mtungi wa kwanza mpaka wa mwisho.

Hooyo akasema, "Nenda kwa Qabale. Mwombe kidogo kidogo kutoka kila mtungi wa leo aliopitisha Saadia. Chupa mbalimbali, uandike majina. Akikataa, mwambie ni mimi naomba, na sijawahi kumwomba kitu."

Mama Qabale hakukataa; mitungi ya siku hiyo alikuwa ameizuia isichanganywe wala kupanda basi. Sijui kwa nini, labda na yeye alikuwa amechoka.

Nilileta chupa kumi na nne. Hooyo akazipanga uani, akaweka vikombe vyake, maji ya moto, jiko dogo. Alikuwa hajaonja maziwa ya soko kwa karibu miaka miwili. Akafungua chupa ya kwanza. Akanusa. Akafunga macho.

"Ya alfajiri," akasema, na akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu.

Chupa ya nne hata hakuitia mdomoni. Ya tisa pia. Akachukua kijiko cha hiyo ya tisa akakiweka motoni, na kabla hayajachemka yakakatika, vipande na maji. "Hii imelala siku mbili," akasema. "Hii hata mtoto wa kunyonya angeikataa. Saadia nimemfundisha mimi, hawezi kupitisha hii. Labda pua haipo."

Alikuwa amesikia redioni kwamba ugonjwa huu unachukua harufu na ladha ya mtu, mtu anapona homa lakini pua inabaki imefungwa. Mimi nilikuwa nimesikia pia, lakini nililisikia kama habari ya watu wa mbali. Mtu akikosa harufu ya chai, hasara ni yake. Pale kwetu pua ya mmoja ndiyo mlango wa nyumba thelathini.

Nikasema, "Twende tuwaambie!" Nilikuwa nimeshashika funguo. Jina langu lingesafishwa siku hiyo hiyo.

Hooyo akasema, "Kaa chini. Mtu hasemewi pua yake."

Akampigia Saadia. Simu ya Hooyo huwa ni loudspeaker siku zote, anasema ikikaa sikioni inamchoma, kwa hivyo nilisikia.

"Saadia, leo chai umetia nini?"

"Iliki na tangawizi, eedo, kama kawaida." (Eedo ni shangazi kwa Kisomali, neno la heshima.)

"Ilinukia?"

Kimya.

"Saadia."

"Ilinukia, eedo."

"Iliki ya zamani au mpya?"

Tukasikia kilio, kile cha mtu aliyeweka kitambaa mdomoni watoto wasimsikie.

"Sijui, eedo. Sisikii kitu. Niliugua homa baada ya ile arusi ya jirani, siku tatu tu, nikasema ni mafua. Tangu hapo sisikii hata moshi. Juzi wali uliungua na mimi nimesimama hapo hapo jikoni, watoto ndio waliniambia."

"Na maziwa ulikuwa unaonjaje?"

"Naangalia uso wa mwenyewe. Akiangalia chini, nasema yamelala. Akiniangalia sawasawa, nasema sawa."

Hooyo alijaribu kujizuia. Akashindwa. Alicheka mpaka akatafuta inhaler, na kule upande wa pili Saadia akaanza kucheka katikati ya kilio. "Kwa hivyo," Hooyo akasema akivuta pumzi, "waongo wenye macho makavu wote wamepita!"

"Wote, eedo!"

Halafu sauti ya Hooyo ikabadilika, ikawa laini. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ulisema kifua chako, wakakutoa. Mimi niseme pua?"

Hapo mimi nilikumbuka "unatuaibisha."

Hooyo akampa mpaka kesho. Akamwambia, sema mwenyewe, na mimi nitasimama na wewe. Kesho yake Hooyo alitoka. Mara ya kwanza kwenda sokoni tangu ugonjwa uingie. Nilimbeba kwenye pikipiki, barakoa mbili usoni, na hakuingia ndani. Alisimama ng'ambo ya barabara, juani, mahali ambapo Saadia angemwona kupitia mlangoni.

Saadia akasimama, kistuli nyuma yake, akasema yote. Pua, homa, nyuso. Hakuficha hata kidogo. Akasema, "Na mimi kikombe hiki nimewapa nyote. Kama kuna mtu niliyemwumiza, anisamehe."

Nilitegemea matusi. Hayakuja. Mama mmoja akasema polepole, "Mimi pia niliugua ile wiki." Mwingine, "Na mimi." Na Mama Qabale, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba yeye alikohoa siku kumi na usiku mmoja alimwita binti yake kwa sababu alidhani hewa imekwisha. Hakumwambia mtu. Alikuwa mwenyekiti, na nchi ilikuwa imefunguliwa.

Siwezi kuapa kwamba ni kikombe, wakuu. Zilikuwepo arusi, ulikuwepo msikiti, yalikuwepo mabasi. Lakini kikombe kilikuwa kinapita kwa wote, na mama yangu angekuwa wa kwanza kukishika kila siku. Mama Qabale alikohoa siku kumi. Mama yangu asingefika siku ya kumi.

Mama Qabale akatoka, akavuka barabara. Akasimama hatua tatu mbali na Hooyo. Wala hakuambiwa.

"Mama Abdi. Nilidhani unatudharau."

"Najua."

"Ulikuwa unaogopa tu."

"Sana," Hooyo akasema. "Na bado naogopa. Usinifanye shujaa, nitakuangusha."

Kisha Mama Qabale akanigeukia mimi, mwenyekiti mzima, mbele ya wanaboda waliokuwa hapo, akasema, "Abdi, tulikuonea. Kesho njoo ubebe." Mwenda alikuwepo, alisikia. Tangu siku hiyo hajaniita mtoto wa karantini. Ananiita mtoto wa mwonjaji.

Mpango mpya ulikuwa wa Hooyo. Kila asubuhi mimi naleta vichupa nyumbani, kila kimoja na jina. Yeye anaonja uani na kikombe chake, ya wasiwasi anaweka kijiko motoni, halafu anapiga simu. Saadia yuko pale kwenye kistuli na simu, anatangaza. Hooyo alisema wazi, Saadia asipobaki pale, yeye haonji. Na kila mama akaja na kikombe chake kutoka nyumbani. Akibisha, anamiminiwa chake kutoka mtungi ule ule mbele ya wote. Haki ikabaki haki. Jambo lenyewe halikuwa gumu, ndilo linaloniuma.

Maziwa hayakukatika tena. Yule mama wa Nairobi alibaki.

Mkuu mmoja atauliza, je, pua ya Saadia? Ilirudi baada ya miezi, polepole. Siku moja alimpigia Hooyo asubuhi mapema akipiga kelele, "Eedo, naskia mavi ya mbuzi! Naskia mavi ya mbuzi!" Sijawahi kusikia mtu akifurahia hivyo kitu hicho.

Hooyo alichomwa ya pili. Akahesabu wiki mbili zake, akaongeza ya tatu kwa sababu alitaka. Nilitaka kumwambia tayari, lakini safari hii nilifunga mdomo. Akaamua mwenyewe asubuhi moja, akavaa buibui jipya, akasema, "Washa."

Tulifika. Nilidhani itabidi nimtangulie, niseme jamani fungueni madirisha, jamani sogeeni. Sikufungua hata mdomo.

Walimwona akishuka. Saadia akainuka, Mama Qabale akabeba kistuli akakitoa nje, chini ya paa la mabati pale upepo unapopita. Na wale akina mama mmoja mmoja wakainua viti vyao, wakavisogeza mbali na mbali, duara likawa kubwa mpaka likafika barabarani. Mmoja akavuta shuka juu ya pua. Hooyo akapita katikati ya nafasi yote ile, taratibu, akakaa, akaweka mgongo sawa, akanyoosha mkono kwa mtungi wa kwanza.

"Haya, nani alidhani nimesahau?"

Mimi nilikuwa kando na pikipiki yangu, na wakuu, kifua changu kilikuwa kikubwa kuliko tangi.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukiwa na mtu nyumbani ambaye bado anaogopa wakati mji mzima umeshavua, usimvute mkono atoke ili wewe usionekane vibaya. Mwulize anahitaji nini ili atoke. Mara nyingi ni kikombe chake na upepo kidogo. Mimi nilichelewa kuuliza, na mama yangu alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili.

Basi, yangu ndiyo hiyo. Wewe kwenu alikuwa nani? Nyanya, mjomba mwenye sukari, mtoto, au wewe mwenyewe ndiye uliyebaki ndani wengine wakitoka? Andika hapo chini tusome. Na kama kuna anayejua mashine ya ice cream ya mkono wa pili iliyo na hali nzuri, asipite kimya.